Uso Wako Kwenye Giza la Majani Chai

Mwalimu wangu Kibet,

Studio iko wazi. Lile pazia la buluu la picha za paspoti nimelifua, maana wewe ulikuwa unangoja lijifue lenyewe. Bado kuna watu wa Kapkatet wanaochungulia mlangoni wakikuulizia. Nikiwaambia tulikuzika wananipa pole, nami naenda kule nyuma nalia kidogo, halafu narudi kazini.

Nataka kukueleza habari ya picha yako. Wewe uliyepiga picha za harusi za watu wote huku, ukafa bila picha! Nilikasirika, sikufichi. Kila tulipokuinulia kamera ulijificha nyuma ya mtu. Mama yako alitaka picha ya kuweka mbele ya jeneza, na dada zako wakapata ile ya kitambulisho tu, ambayo mwenyewe ulisema umetoka kama mwizi wa kuku.

Ndipo nikakumbuka ile asubuhi yetu kwenye mashamba ya chai ya Kiptere. Jua lilikuwa linachomoza nyuma ya kilima, ukungu umejaa bondeni, anga inawaka, na majani chai yaliyokuwa karibu nasi bado meusi tititi. Ulinieleza kwamba kamera haiwezi kushika mwanga na giza kwa pamoja, kwa hivyo niokoe mwanga kwanza. "Anga ikishaungua, ikawa nyeupe tupu, imeenda," ulisema. "Giza utalifungua nyumbani, kwenye kompyuta." Kisha ukaingia katikati ya mistari ya chai ili ukubwa wa bonde uonekane. Ulipogeuka ukaniona bado nababaika, ukaanza kunifokea nishushe mwanga wa kamera, mkono wako ukikandamiza hewa kuelekea chini. Nikashusha, nikapiga. Anga ilitoka tamu sana, na wewe ukatoka kama kisiki cheusi.

Bahati nzuri niliihifadhi ikiwa mbichi, kabla kamera haijaipika kuwa picha ya kawaida, kama ulivyokuwa ukitulazimisha. Nikaifungua kwenye kompyuta yako. Anga nikaiacha ilivyo, nikainua mwanga kivulini pale uliposimama tu, pole pole. Koti likaja kwanza. Kisha meno. Kisha wewe. Nikakuita, Kibet.

Ndugu yako Weldon alitaka niendelee kuinua mpaka ung'ae. Nilijaribu. Majani yakawa ya kijivu, chembechembe zikakujaa usoni, ukafanana na mtu aliyepakwa unga. Nikarudisha, nusu ya uso wako ikabaki kivulini kama ilivyokuwa asubuhi ile. Weldon akanuna, akasema matanga si mahali pa kuonyeshana ufundi. Labda alikuwa na haki. Yeye ni damu yako na mimi ni mwanafunzi tu. Lakini huyo aliyepakwa unga hakuwa wewe, na sikutaka uzikwe na sura ya mtu mwingine. Tukampelekea mama yako aamue.

Aliipokea. Akaupapasa ule mkono wako unaokandamiza hewa.

"Wacha hivyo," akasema. "Hata hapo anagombeza mtu."

Huyo mtu ni mimi. Wote waliokuja kukuzika walikutazama ukinigombeza, nami nilikuwa nimesimama pale pale mbele, nikitamani unigombeze tena.

Kesho, nikijaliwa, naenda Merigi kupiga picha kabla jua halijatoka. Nitapima anga kwanza. Nakuahidi sitaiunguza, hata kama hakuna aliyesimama kwenye chai kunifokea.

Pumzika sasa, Mwalimu. Unaweza kuteremsha mkono. Nimeshusha mwanga.

Mwanafunzi wako,
Chebet