Siti Imepanda Tena

Njoro, Moshi
Jumanne, 6 Agosti 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na goti limepunguza ukorofi sasa baridi inapoondoka. Mimi mzima, isipokuwa kikohozi kidogo cha vumbi la mafaili pale masijala ya ardhi. Naandika kwa kuwa najua masikio yako hayapatani na simu, na Magreth amekubali kuwa posta yetu kila anaposhusha ndizi sokoni, Jumanne na Ijumaa.

Baiskeli ya Filemon imefika. Magreth aliifunga juu ya mikungu kama mbuzi wa sherehe. Najua si jambo jepesi kutoa baiskeli ya mwanao baada ya miaka saba, hata kama ulisema kazi yake siku hizi ni kutisha kuku.

Uliuliza naitakia nini. Kuna mchezo vijana wanaucheza hapa mjini. Unapanda ngazi, kuta na mapipa kwa kuruka na baiskeli, na mguu haugusi chini. Hakuna kukimbia. Kazi kubwa ni kusimama palepale bila kuanguka. Nimeona ndio mchezo unaomfaa mwoga kama mimi. Fundi wa mtaani kwetu amekata fremu upande wa nyuma na kuichomelea upya iwe fupi. Nimetoa gia zote, nimebakiza moja. Rimu ya nyuma ni nene, breki ni za diski mbele na nyuma. Bomba la siti nimeliacha lilelile la Filemon kwa kuwa ni refu: nikienda kazini napandisha siti, nikienda kuruka naizamisha mpaka mwisho. Baiskeli moja, kazi mbili.

Nikimaliza nitakuja nayo uione.

Mwanao,
Vedastus


Kibosho
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Mwanangu Vedastus,

Marahaba, marahaba sana. Goti ni lilelile, tumezoeana. Kunywa tangawizi, na funika mdomo ukifungua mafaili ya watu.

Nimecheka peke yangu jikoni. Tumekusomesha mpaka chuo uje kurukaruka juu ya mapipa! Lakini naujua mchezo huo kabla yako. Filemon alikuwa anapita na baiskeli hiyohiyo juu ya ukingo wa mfereji wetu wa mfongo, maji upande huu, migomba upande ule. Nikimpigia kelele ananijibu, "Mama, ni kelele zako zitakazoniangusha."

Shemeji yangu Sylvanus amekuja tena na habari ya mgomba. Anasema mtu aliyepotea miaka saba haachwi bila kaburi kihambani, kwenye shamba la ukoo: tukate mgomba kwa kimo chake, tuuvike shati lake, tuuzike, ukoo utulie. Nikamwambia, nionyeshe mwili. Akasema, "Mama Filemon, mwili ungekuwepo ningekuja kuomba mgomba?" Siku aliyopotea tulikuta baiskeli imeegemezwa kwenye mti ukingoni mwa msitu, na mundu, na kamba ya kufungia majani. Mtoto wa miaka kumi na sita aliyelelewa na mimi haachi mundu.

Ukiruka, ruka taratibu.

Shangazi yako,
Dafroza


Njoro
Jumanne, 20 Agosti 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini huko juu jua limetoka na kahawa inakauka. Mimi mzima wa mwili. Barua hii ni ya pili; ya kwanza niliichana.

Baiskeli ilikamilika Jumatano. Nilishusha siti mpaka mwisho, nikakaza nati kwa spana, nikachora alama kwa sindano, kisha nikaenda kazini. Chumba changu kina dirisha moja lenye nondo, na ufunguo ni mmoja, ninao mimi. Saa saba nilirudi kula. Siti ilikuwa imepanda. Haikulegea, maana siti iliyolegea hushuka. Ilikuwa imekazwa, tena kuliko nilivyoikaza mimi. Kwenye bomba kuna mkwaruzo wa zamani, kama wa kisu, na siti ilisimama juu yake sawasawa.

Nikaishusha. Kesho yake mchana nikaikuta palepale. Siku ya tatu, mkono wa breki ya nyuma, ambao niliufunga kulia, ulikuwa umehamishiwa kushoto. Jana nilimuuliza Mama Evelyn, mwenye nyumba, kama kuna mtu aliyeingia. Akasema, "Si wewe uliyekuwa unazungusha mnyororo tangu asubuhi? Nikasema leo karani katoroka kazini."

Jana nilikuwa kazini tangu saa moja na nusu.

Mkwaruzo huo unaujua?

Mwanao,
Vedastus


Kibosho
Ijumaa, 23 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Tumeamka, tunashukuru.

Naujua. Aliuchora kwa kisu changu cha jikoni, Jumapili kabla ya kupotea. Alisema siti ikizidi hapo miguu haifiki. Na kidole chake cha shahada cha kulia hakikuwa kinakunja tangu kilipokatwa na mashine ya majani, hivyo breki aliyoitegemea aliiweka kushoto. Hilo sikuwahi kukwambia.

Nilikaa na barua yako mpaka moto ukazimika. Nimelielewa hivi: amekuja kuaga. Hakuja kwangu kwa sababu anajua nitamng'ang'ania. Basi nimemwita shemeji, nimemwambia haya, tuzike. Itakuwa Jumamosi, tarehe 21 Septemba. Kimo tunacho. Kipo kwa mkaa kwenye mlango wa stoo, nilimpima mwezi uleule alioondoka.

Ila nakuomba. Kabla ya siku hiyo ukiona jambo lolote, lolote, niandikie. Nikishazika nitakuwa nimezika.

Shangazi yako,
Dafroza


Njoro
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na maandalizi yanakwenda. Mimi sijambo. Baiskeli ipo, hakuna jipya la kukusumbua. Siku ya mazishi nitakuja asubuhi na mapema.

Mwanao,
Vedastus


Njoro
Jumanne, 24 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Sijui kama umepata usingizi tangu Jumamosi. Mimi sijapata, na sababu naijua.

Nilikudanganya. Niliposema hakuna jipya, jipya lilikuwepo. Tangu tarehe 27 Agosti siti haikusimama tena kwenye mkwaruzo. Iliupita. Kwanza kwa upana wa kidole kimoja, wiki iliyofuata viwili. Kufikia mazishi ilikuwa sentimita saba juu ya mkwaruzo, na usukani umesukumwa mbele, kama wa mtu aliyerefuka mikono. Kila kipimo nimekiandika na tarehe yake. Nilijiambia nisikutie wasiwasi bure, nisubiri uhakika. Ofisini ndivyo tulivyofundishwa, jambo lisilo na uthibitisho halipelekwi kwa mkubwa. Nikasubiri uthibitisho mpaka kaburi likachimbwa.

Na hata pale nilikuwa na nafasi. Nilipewa kushika upande wa miguu. Maji ya mgomba yalipenya kwenye blanketi yakanilowesha viatu. Niliona wazi kwamba ule mgomba ni mfupi, kwamba tunamzika mtoto wa mlango wa stoo. Nikasema, "Mzee, mbona huu ni mfupi?" Mzee Sylvanus akanitazama mbele ya watu wote. "Karani, shika vizuri. Hilo si faili." Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha msibani. Nami nikashika vizuri.

Jana mchana nilifungua mlango nikaikuta baiskeli katikati ya chumba, imesimama kwa magurudumu yake mawili. Haikuegemea kitu, na haikutikisika. Nikajikuta napiga hodi kwenye chumba changu mwenyewe. Ndipo ikalala upande wa kushoto, polepole, kama mtu anayeshusha mguu baada ya kuchoka. Niligusa siti. Ilikuwa na joto. Imepanda sentimita nyingine moja.

Nisamehe kama unaweza. Nilipaswa kukwambia mwezi uliopita.

Mwanao,
Vedastus


Kibosho
Ijumaa, 27 Septemba 2024

Vedastus,

Marahaba. Nimekukasirikia. Nimeliandika mwanzoni ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Nilikuomba kitu kimoja.

Sasa sikiliza. Wafu hawakui. Mama yako alituacha akiwa na miaka thelathini na mmoja, na ndiyo hiyo aliyonayo mpaka leo. Nikimuota ni binti kwangu. Mtu ambaye siti yake inapanda, huyo anakula mahali.

Jumatano asubuhi nilichukua jembe. Udongo ulikuwa bado laini, hata goti halikulalamika. Shemeji akaja mbio, ndala mguu mmoja.

"Mama Filemon! Unafukua kaburi!"

"Nafukua mgomba. Kaburi liko wapi?"

"Ukoo utasemaje?"

"Waambie ng'ombe ameshiba."

Maana nilikuwa nimeshauweka juu ya gogo, naukatakata. Ng'ombe ameula wote. Shemeji alikaa kwenye ukingo wa shimo, akaniambia kwa sauti ndogo, "Na kama anayerefuka si yeye?" Nikamwambia hilo atajibu atakayekuja. Lakini nakuandikia kwa kuwa nimelisikia, na sijaweza kulisahau.

Shati lake nimelifua. Ni la mtoto, halitamwingia. Nipimie kutoka siti mpaka pedeli ikiwa chini kabisa, uniletee namba. Na usiishushe tena siti hiyo. Cherehani nimeshaitoa barazani.

Shangazi yako,
Dafroza


Njoro
Jumanne, 1 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa kunikasirikia waziwazi, imenisaidia. Natumaini mvua hazijakufikia barazani.

Nimepima leo alfajiri kwa futi ya fundi, mara tatu kama tunavyofanya kwa ramani. Mara ya kwanza sentimita tisini na tatu. Mara ya pili tisini na tatu. Mara ya tatu tisini na tatu na nusu, na sikuwa nimeondoa mkono kwenye siti.

Kurukia mapipa haifai tena. Siti ingenipiga kifuani. Miguu yangu haifiki kwenye pedeli. Hii si baiskeli yangu, nami nimeacha kujidanganya kwamba nilikuwa najitengenezea mimi.

Mwanao,
Vedastus


Kibosho
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Hasira zimekwisha, nimezishona.

Magreth anakuletea suruali ya kaki. Itundike mahali ataiona akiingia. Usimwekee karatasi wala maswali. Hakuwahi kupenda kuulizwa kitu kabla hajala. Na ukiona huwezi, funga chumba uende kwa rafiki zako. Ni rahisi kwangu kusema usiogope, mimi niko huku, wewe ndiye unayefungua mlango. Nina mtoto mmoja msituni. Sitaki kuwa na wawili.

Shangazi yako,
Dafroza


Njoro
Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini umeamka na nguvu, na kama unasoma umesimama, tafadhali kaa kwanza. Naandika nikiwa kwenye kibaraza cha Mama Evelyn. Anadhani nimefukuzwa kazi, ameniletea chai.

Suruali niliitundika Ijumaa ileile, kwenye msumari ukutani. Jumamosi ilikuwepo. Jumatatu ilikuwepo. Mpaka Jumatano ilikuwepo, na siti haikusogea hata kwa unene wa sindano. Nikaanza kufikiri tumemfukuza kwa kumngoja. Ndiyo maana Jumanne sikukuandikia, na najua ulisimama njiani ukimngoja Magreth.

Jana mchana msumari ulikuwa mtupu. Baiskeli ipo, mlango umefungwa, suruali hakuna. Nilitaka kukuandikia palepale, badala yake nikafunga mlango nikaondoka. Nikalala kwa Julius wa ofisini.

Leo saa saba nimerudi. Suruali iko juu ya siti. Imekunjwa vile ulivyotufundisha utotoni, mguu juu ya mguu, kisha mara tatu. Nimeitoa nje kwenye jua nikaikagua kama ninavyokagua nyaraka, na nakuandikia nilichokiona tu, bila kungoja uhakika.

Mguu wa kulia una grisi ya mnyororo upande wa ndani, chini. Magotini pana unyevu, na zimenasa zile nyuzi za kijani zinazoning'inia kwenye miti ya msituni huko juu. Hapa Njoro hazipo. Kiunoni inanuka moshi wa kuni, na jasho la mtu. Si harufu mbaya. Ni ya mtu aliyefanya kazi.

Na pindo za chini, miguu yote miwili, zimefumuliwa. Kitambaa ulichokikunja ndani kimeshushwa chote, kikakunjwa upya ukingo mwembamba kama kucha, na kushonwa kwa mkono. Mishono ni midogo, imenyooka. Uzi si wako. Si wa pamba, si wa nailoni, Mama Evelyn naye ameushika akasema hivyohivyo, akauachia haraka, akaingia ndani.

Siti nimeipima kwa kuchungulia mlangoni, sikuingia. Imepanda tena.

Sijui kama hii ni habari njema. Uliniomba nikuletee lolote, na hili ndilo. Suruali ilimwingia, Shangazi. Ila ukishona nyingine, ongeza.

Mwanao,
Vedastus