Kalibu ya Mguu wa Dada

Kwako dada yangu, mama yangu wa pili,

Pokea salamu za kujaza bahasha hii kabla sijaweka neno. Mguu unaendeleaje? Tangu nisome kwamba soli ya kushoto ya viatu alivyokushonea mume wangu imelika, umeanza tena kuchechemea na nyonga inakuuma, sijatulia. Na watoto, kikohozi kimewaachia? Sisi huku miili ni mizima, na shemeji yako anakuamkia kwa heshima zote.

Dada, ndoa tamu. Siku ya kunisindikiza uliniambia miezi mitatu ya kwanza mtu hula asali pamoja na mzinga wake. Huu ni mwezi wa tano na bado nalamba vidole. Tuna chumba kimoja, dirisha linatazama uzio wa kiwanda, na viti vyetu viwili havifanani hata kidogo. Asubuhi ananichemshia maji kabla sijaamka. Akivuka barabara hugeuka mara tatu kunipungia mkono, mpaka jirani yetu mshona magodoro akaniuliza kama mume wangu anakwenda kazini au anahamia ng'ambo. Nikisema nampenda, naona neno lenyewe linambana, kama nguo ya mwaka juzi.

Kazi yake ndiyo sijui nikuelezeje. Ule uamuzi wa kuacha kushona viatu hajaubadilisha. Sasa yuko kwenye duka kubwa la viatu vya plastiki, vile vya kiwandani. Anapanga maboksi kwa namba na kumtafutia mteja saizi yake. Msimamizi wao, wanayemwita Saa Mbili Kamili, humkaripia kila siku kwa kukawia na wateja, maana mwenzetu haulizi namba, anainama kwanza autazame mguu. Juzi alimwambia mama mmoja kwamba viatu alivyovipenda vitamuumiza kidole gumba. Yule mama akashukuru, akavirudisha, akaenda zake. Msimamizi akamwambia mbele ya wenzake kwamba pale wanauza viatu, hawatibu miguu. Aliponisimulia alicheka, nami nikacheka. Kisha akaenda kunawa uso, akakaa huko bombani muda mrefu.

Hata mama mwenye nyumba alikuja kunishtakia kwamba mume wangu anatazama miguu ya wake za watu. Nilipomwuliza, alijibu bila aibu kwamba mama yule anakanyagia upande wa nje wa kisigino cha kulia, na asiporekebishiwa soli, goti litamtesa uzeeni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia basi amtengenezee. Akachukua ndoo akatoka kuteka maji, na kicheko changu kikabaki peke yake chumbani.

Jumapili nilimsomea barua yako, pale unapomwomba jozi nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho huku akijikuna viganja. Sugu za ngozi na sindano zimeanza kumtoka, dada, viganja vimekuwa laini kama vya karani. Akasema, "Mwambie dada anisamehe. Kalibu ya mguu wake iliondoka na kile kifurushi. Na fundi wake aliondoka humo humo."

Habari za kifurushi unazijua mwanzo wake, kwa kuwa wewe ndiwe uliyezileta. Yule mtaalamu wa miguu ya bandia kule hospitali aliviona viatu vyako, akauliza ni nani aliyeweza kusawazisha mguu mfupi namna ile bila kuusomea. Akaagiza fundi huyo atume jozi moja pamoja na kalibu yake, ule mguu wa mbao unaovalishwa ngozi, kabla mwezi haujaisha. Wakiridhika, wangemchukua mafunzoni miaka miwili, alale bwenini huko huko.

Siku zile hakuwa anatembea, alikuwa anaelea. Wiki tatu hakupokea mteja. Aliniambia kwamba tangu utotoni alisikia fundi viatu ni mtu aliyeshindwa mengine yote, kumbe miaka yote hiyo alikuwa anajifunza kazi kubwa asiyoijua jina. Sijapata kumwona mtu amefurahi vile, hata siku ya harusi yetu.

Jibu halikuja. Alingoja miezi miwili. Wiki moja kabla ya harusi akamgawia vyombo vyake vyote fundi wa kibanda cha jirani, nyundo, msharasi wa kutobolea ngozi na visu. Akasema, "Kukataliwa si kitu. Kinachonikata ni kwamba waliiona kazi yangu."

Dada yangu, kaa chini. Hawakuiona.

Unakumbuka wakati ule nilikuwa posta, dirisha la kupokea vifurushi. Alikileta kwangu mimi, kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga. Angemwamini nani zaidi? Nilikipima, nikakigonga muhuri, nikampa stakabadhi, ambayo mpaka leo ameikunja kwenye pochi yake. Alipogeuka, nilikisukuma kwa mguu chini ya kaunta. Sikukitia kwenye gunia.

Nilijiambia nitakituma kesho. Niliwaza miaka miwili ya kungoja, na umri wangu, na bweni lililojaa watu nisiowajua, nikaona akienda hatarudi kuwa wangu. Kesho ikawa kesho kutwa mpaka mwezi ukaisha. Siku ya mwisho ilipopita nilikula chakula changu cha mchana kwa hamu. Hilo ndilo linaloniogopesha nikijitazama. Kisha nikakifunga kwenye sanduku langu la harusi, na sanduku liko chini ya kitanda chetu. Mume wangu analala juu ya kazi yake mwenyewe.

Mwezi uliopita nilipiga simu hospitali. Walichukua wanane, mtaalamu amekwisha kurudi kwao, na mafunzo hayatarudiwa. Hakuna wa kumpelekea tena.

Nimejaribu kusema. Nilianza, akanishika mkono akasema, "Nilikosa kile, nikakupata wewe. Sina deni na Mungu." Baada ya maneno hayo, mdomo unafunguliwa kwa ufunguo gani?

Kwa hiyo barua hii inakuja pamoja na kifurushi chenyewe. Fungua. Ndani kuna kalibu na jozi aliyoishona kwa kipimo cha mguu wako, maana anaujua kuliko wake. Uliandika kwamba utakuja kututembelea mwisho wa mwezi. Njoo umevivaa viatu hivyo. Kalibu nayo ije, ni mali yake. Sikuombi unisemee wala unitetee. Mshono wake ataujua ukiwa bado mlangoni.

Wasalimie watoto na shemeji. Mama mwambie nina furaha. Si uongo, dada, nina furaha kila siku, na kila siku namlipisha yeye.

Nitakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Hatua zako nazijua tangu utoto, moja nzito na moja nyepesi. Siku hiyo nikizisikia zinakuja zimelingana, nitainuka nikufungulie mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kufunga kamba za viatu.