Zile simu za breki

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni hapa kazini, nalia.

Si unajua tunawapigia wateja warudishe yale magari tuliyowauzia, breki zina kasoro ya kiwandani? Sasa nimempigia mmoja, akapokea mkewe. “Mume wangu tulimzika. Ajali ya gari hilohilo.”

Nikampa pole, nikamweleza kasoro ya breki.

Akaniuliza, “Umesema breki?” Ndiyo, mama. “Breki kweli?”

Kumbe yeye ndiye aliyekuwa anaendesha! Aliapa kwamba alikanyaga breki zikagoma, hakuna aliyemsadiki. Wanaishi nyumba moja na mama mkwe, na tangu mazishi mama huyo hajamsemesha.

Akasema, “Dada, mama yuko hapa. Naweka sauti juu, tafadhali rudia.”

Nikarudia. Halafu nikamsikia yule bibi, mama mkwe wake: “Ulituambia.” Tena, “Ulituambia, mwanangu.” Wakaangua kilio wote wawili. Ningekataje simu?

Mara bibi akaichukua. “Binti, nyinyi mlijua lini?”

Mlijua lini! Nikamwambia sijui, mama. Na kweli sijui, wakubwa hawajatuambia.

Bosi anagonga mlango, eti bado kuna wateja wa kupigia. Naogopa, mwenzangu. Naogopa atakayepokea.