Mufereji na Minus

Mardi, 9 Novemba 1976

Papa iko chef ya mufereji! Samedi hii, tarehe 13, kwa salongo, ile kazi ya wote ya lazima, avenue yetu yote itachimba kutoka ku robine, bomba ya maji ya wote, mpaka ku barabara. Maji ya robine inalala ndani ya maparsele, viwanja yetu, mbu wanafanya fête. Wakubwa ya zone walisema: mufereji iingie barabara perpendiculaire, pembe mraba, isipinde kama ile ya mwaka jana. Papa akaniita mbele ya majirani, akasema: Micheline anasoma scientifique, yeye atapiga équation! Nikavimba kichwa, bon.

Jeudi, 11 Novemba

Imeisha! Nilichora quartier kwa karatasi ya carreaux, ya miraba. Barabara: y = 2x + 1. Robine iko ku (4, 3). Pente, mwinamo ya barabara, ni 2, donc ya mufereji nageuza juu chini: ½. Nikapata y = ½x + 1.

Mustari inapita katikati ya jiko ya Mama Pétronille, jirani yetu — yule anasemaka pondu, majani ya muhogo, ya mama iko na chumvi kama dawa. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mama Pétronille aliomba wazungushe kidogo tu. Papa: équation haina ndugu! Tonton Hubert, mwenye kuvuta kamba ya kupima mufereji, alisema anaiona imelala upande. Papa akamunyamazisha: Ni mathématiques.

Vendredi, 12 Novemba

Mungu wangu! Leo prof Kasongo alituambia tena: zidisha pente mbili, lazima upate −1. Yangu inatoa 1. Minus, alama ya kutoa, iko wapi? Nimeisahau! Na point donné, ile unapewa, kama robine yetu, anasema, ni point donné, hakuna mutu wa kuisogeza.

Nikarudia mbio:
y − 3 = −½(x − 4)
y = −½x + 5.

Nikafuata na kidole. Inaingia… kwetu. Jiko ya mama! Ile mupya, udongo aliukanda na mikono yake. Nikisema, mama anakosa jiko. Nikinyamaza, Mama Pétronille anakosa yake bure. Naogopa sana. Papa anachonga vijiti, anaimba.

Samedi, 13 Novemba

Naandika nyuma ya choo. Nimesema! Nilimuona Mama Pétronille anatoa masufuria yake, nikashindwa kuficha. Nikamwambia: Papa, kuko minus nilisahau.

Tonton Hubert akavuta kamba upya — mpaka mulango ya jiko yetu. Mama Pétronille alicheka wa kwanza, akaacha wa kwanza. Mama amesimama pale na mwiko, pondu inachemka nyuma yake. Majirani wanamukumbusha papa: citoyen, si équation haina ndugu?

Huyu papa anakuja. Anachungulia nyuma yake, karatasi mukononi, sauti chini kabisa:

— Micheline, mutoto yangu… ile robine, haiwezi kusogea kidogo?