Mama Anayechimba kwa Mikono

Eldoret, Jumamosi

Bado nina hasira. Leo dukani kwangu redio ilisema tetemeko la ardhi huko ng'ambo limezika mji mzima, na kuna mama anachimba kwa mikono akitafuta watoto wake.

Wateja wakasogea karibu na redio. Mzee Kamau akavua kofia. Nikajiambia, kumbe bado tuna utu.

Halafu huyo huyo Mzee akauliza, "Sasa hiyo mashamba yao itachukuliwa na nani?"

Basi! Wakaanza kubishana: ardhi ikipasuka, mpaka unahesabiwa wapi? Na hao ndio ninaochanga nao pesa tununue shamba la mzungu anayehama, tugawane. Tutaishi nao vipi...

Nikaongeza sauti ya redio. Nao wakaongeza zao.

Mpaka sasa sijui kama yule mama alipata hata mmoja.