Kofia Niliyovalishwa

Malvern, Toronto

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mguu umeacha kukusumbua. Sisi huku afya tunayo, ila amani ndani ya nyumba hakuna, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia kwa hasira, nawe ungeniambia nikanywe maji. Zuhura, wewe unayemsomea Bibi, soma yote. Usiruke pale ninapomsema Baba Mdogo.

Bibi, nina hasira na mwanao.

Unaujua ule mchezo wangu, besiboli, ule ulioniuliza kwa nini tunaukimbiza mpira mdogo hivyo kwa rungu kubwa hivyo. Mimi ni mdakaji. Nachuchumaa nyuma ya mpigaji, akiukosa mpira naudaka, na magoti yananiuma kama ya kwako. Mwaka huu namaliza sekondari, na vyuo viwili vidogo vilinitaka nikasome na kuchezea timu zao. Kimoja kiko hapa hapa jijini. Kocha wake alikuja kunitazama siku ya mvua, akasimama mpaka mwisho, kisha akaniambia bila kunipamba: "Mwaka wa kwanza utakaa benchi, nina mdakaji mzoefu kuliko wewe. Wa pili tutaona. Lakini ufundi umeme utasoma, ratiba haigongani na mazoezi." Nilimpenda palepale. Nikamwomba anisubiri kidogo, kwa sababu Baba Mdogo alitaka tukakione na kile cha pili.

Tukaenda, mwendo wa saa nne kwa gari. Sitasema uongo, uwanja wao ni mzuri, na chakula tulikula mpaka Baba Mdogo akalegeza mkanda. Kocha wa huko anacheka na kila mtu. Aliniambia, "Nina shida kubwa ya mdakaji. Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta." Baba Mdogo akavimba kichwa.

Lakini nilipopelekwa kuona chumba cha vifaa, nikakuta zile glovu nene za wadakaji zimejaa rafu nzima. Nikamuuliza kijana mmoja ni za nani.

"Hiyo yangu, hiyo ya yule, na hizo za wale pale. Sote wadakaji," akasema. "Na mimi aliniambia alikuwa ananitafuta."

Nikamuuliza amecheza mara ngapi. Akatazama mlangoni kwanza, kisha akasema hajacheza hata mechi moja tangu aje. Na nilipomuuliza kocha habari za ufundi umeme, alisema masomo ya karakana ni mchana, wakati wa mazoezi, kwa hiyo vijana wake wengi huchagua kitu chepesi. Kitu chepesi, Bibi! Nimevuka dunia nzima nije nisome kitu chepesi huku nimekaa benchi!

Moyoni nilishamaliza, nilikuwa nasubiri tuage tu. Ndipo kocha akatoa kofia na fulana ya timu kwenye droo, akaninyooshea. Nikaacha mikono yangu mapajani. Baba Mdogo akaniambia kwa Kiswahili, huku akimtabasamia kocha:

"Pokea."

"Sijaamua, Baba Mdogo."

"Nani kasema uamue? Mtu katulisha, anakupa zawadi, unamwacha na mkono hewani? Vaa kofia, usinitie aibu."

Nikavaa. Wewe mwenyewe ulinilea hivyo, zawadi ya mwenyeji hairudishwi. Kocha akanishika bega, Baba Mdogo akasimama upande wa pili, picha ikapigwa. Tuliposimama njiani kununua chai, picha ilikuwa imeshasambaa mtandaoni, imeandikwa, "Karibu kwenye timu yetu." Huku kwetu, Bibi, kijana akivaa kofia ya chuo mbele ya kamera, kila mtu anajua ameshakubali. Kocha yule alijua anachofanya. Baba Mdogo hakujua, na hilo ningemsamehe.

Jioni ile ile kocha wa hapa jijini akaniandikia: hongera, nakutakia heri. Nikampigia nimweleze. Alinisikiliza vizuri, lakini alikuwa ameshampigia kijana mwingine kuhusu nafasi ile. Huyo akiikataa, atanitafuta.

Nikamwomba Baba Mdogo ampigie kocha wa kofia, amwambie tulipokea zawadi tu. Akakataa. "Nimeshampa mkono yule bwana. Niwe kigeugeu mimi? Na watu msikitini wameshanipa hongera!"

Hongera za msikitini! Hapo nilipaza sauti, Bibi, mpaka watoto wakazima televisheni. Nilimwambia si yeye atakayekaa benchi miaka minne. Mama Mdogo akasema, "Shusha sauti, huyo ni baba yako." Nikaingia chumbani nikamwandikia mwenyewe yule kocha wa kofia: asante kwa ukarimu, siji, naomba uiondoe picha. Hajanijibu, na picha bado ipo.

Tangu siku hiyo Baba Mdogo hasemi nami. Mezani anamwambia mkewe, "Mwambie huyo asogeze chumvi," na mimi nimekaa mbele yake, chumvi iko mkononi mwangu. Mama Mdogo amechoka kupeleka salamu za chumvi.

Najua atakupigia, maana hamwogopi mtu mwingine ila wewe. Akikuambia nimemkosea adabu, ni kweli nilipaza sauti, na kwa hilo nitamwomba radhi. Kwa kukataa, sitaomba. Tafadhali usiniambie niombe, Bibi, maana kukukatalia wewe kutaniuma sana, na nitakukatalia.

Nisalimie Shangazi anayekupikia, na Mjomba fundi baiskeli, na mama yangu akija kukutazama msomeeni naye barua hii. Zuhura, asante kwa kutoruka.

Mjukuu wako, ambaye mpaka leo hana chuo,

Rajabu