Mwende, Kuhusu Ile Simu Uliyonitumia

Mwanangu Mwende,

Sisi huku nyumbani Kabati tumeamka salama, na nikisema sisi najua utataka kujua nani na nani. Baba yako yuko, mgongo umepoa, jana alitoka na jembe kuangalia mitaro ya shamba akarudi akiimba, kwa hivyo usimuulize tena habari ya dawa. Susu, nyanya yako, yuko, uzee haujamzuia kula, muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa anakula kunishinda, ni masikio tu yamekataa. Mdogo wako Mumbua yuko, wamefunga shule, anasema bado anangoja vile viatu ulivyomwahidi. Yule mbuzi mweupe alizaa mapacha, wote majike. Mama Kioko jirani anakusalimu, na wamama wa kikundi chetu cha kulima kwa zamu wanakusalimu. Nikianza kuwataja mmoja mmoja karatasi itaisha.

Mutua, mtoto wa baba yako mkubwa, alifika Jumamosi kutoka huko Naivasha na ile simu uliyonitumia. Anarudi Alhamisi asubuhi. Nimeandika hii aibebe, kwa sababu nikianza kukueleza kwa simu unaniambia, "Mwaitu, mama yangu, wacha hizo," halafu unacheka, nami nasahau nilikuwa nasema nini.

Simu iko kwa sanduku langu la nguo, ndani ya boksi yake. Mutua aliniwashia kidogo nikaona rangi zake, nikaona ukubwa wake. Nisikudanganye, naipenda. Jumapili kanisani nilimwangalia Mama Kioko akisoma Biblia kwa yake, nikajiambia, hata mimi nimetumiwa.

Lakini hii ya zamani, Mwende, kosa lake ni nini? Mutua ananitania, "Mama, hiyo yako hata mwizi akiichukua ataileta na pole juu."

"Kwani imekuuma?" nikamwambia.

Nikiiweka kwa sola asubuhi inanifikisha jioni. Kile kioo kilipasuka ilipoanguka sokoni, fundi alibadilisha, na kinaonyesha vizuri. Mumbua anaisomea, mimi nasikiza mahubiri nikisuka kiondo.

Na ni wewe ulinifundisha. Unakumbuka? Tulikaa pale nyuma ya tangi, kwa sababu neti ni hapo tu inapatikana, ile wiki kabla uende Naivasha. Mimi na kusoma kwangu kwa darasa la tatu, ukaona maneno yatanitesa, ukaniambia, "Mwaitu, usisome. Angalia ile kijani ya chini, karibu na kidole gumba." Nikaijua vile najua sufuria zangu. Ulipopiga mara ya kwanza ile ya kuonana nikaweka sikioni, ukaniambia, "Mwaitu, naona hereni peke yake." Baba yako alicheka mpaka akaketi.

Na Susu je? Siku ulituambia umepata kazi ya maua, nilimpelekea simu akuone. Akauliza, "Huyu ni Mwende mwenyewe ama ni picha?" Uliposema ni wewe, akakubariki vile wazee wetu hubariki, akakutemea mate kifuani. Na kifua chako siku hiyo kilikuwa kioo cha simu yangu. Ikazima. Tukaizika kwa debe la ndengu kavu tukingoja ikauke. Mimi nilikuwa karibu kulia, Susu hata hakujali. "Kama imezima, baraka imeingia," akasema. Ikawaka. Na kazi yako imekaa mpaka leo. Mimi sijui, lakini Susu anajua.

Sasa nikuambie kitu kimenikalia. Ile jioni uliniambia ndio unatoka kazi, umechelewa, gari hazionekani, sauti yako ikakatika katikati ya neno. Nikapiga, nikaambiwa haupatikani. Nikapiga tena. Baba yako akasema ni chaji tu. Nikapika mboga bila chumvi, wakala hivyo hivyo. Kesho yake ukapiga na simu ya rafiki yako, ukasema, "Ni simu tu, Mwaitu, inakuanga hivyo." Hilo neno halikunishuka.

Kwa hivyo Mutua alipomaliza kunicheka nikamuuliza, "Na ya Mwende iko namna gani?"

Akaangalia chini. "Mama, hiyo ameifunga na rababendi. Akiongea anashikilia chaja na mkono ule mwingine."

Mwende. Ulienda dukani na simu kama hiyo, ukaninunulia mimi?

Nimeshukuru. Nimeshukuru sana, na hapa kila mtu nimemwonyesha. Lakini simu yangu ikizima, mimi niko nyumbani, Mumbua atakimbia kwa jirani, mtu atanipata. Yako ikizima uko barabarani peke yako na giza linaingia, na mimi niko huku sijui kama umefika. Nitafanya nini na simu nzuri, kama mtu ninayemngojea hawezi kupiga?

Nimemwambia Mutua arudi nayo. Nitaifunga kwa leso yangu ya bluu, katikati ya unga wa wimbi, ili isigongwe njiani. Usikasirike. Usiuze, na usimpe mtu. Toa laini kwa hiyo ya rababendi uweke kwa hii. Baba yako anasema nikuache uamue mwenyewe, ati wewe ni mtu mzima. Najua wewe ni mtu mzima. Mimi nimeshaamua.

Mutua atafika Alhamisi jioni. Usingoje Jumapili vile umezoea. Ukishaiwasha, hata kabla hujala, nipigie ile ya kuonana nione uso wako, uniambie imekubali. Usinikalishe nikingoja, mwanangu.

Ni mimi anayekupenda,
Mama yako